Kisu cha Katikati

Ocie Lambdin alifanya kazi katika chumba cha rangi cha kiwanda cha samani tangu alipotoka jeshini mpaka mapafu yalipomgomea. Kazi yake ilikuwa kuufanya mti wa bei rahisi uonekane wa bei ghali. Mbao nyeupe zisizo na sura ziliingia kwake upande mmoja, zikatoka upande wa pili zikiwa nyekundu iliyokolea, na kwenye karatasi ya dukani ziliitwa mcheri. Aliijua kazi hiyo vizuri mno. Hapa Sallis Creek, na katika vijiji vyote vya milima hii ya mashariki ya Tennessee, nyumba nyingi zina kabati au kitanda ambacho wenyewe wanaapa ni mcheri mtupu. Ocie akialikwa chakula katika nyumba kama hizo, alikuwa akipitisha kiganja juu ya meza mara moja, kisha anakaa na kuomba chumvi.

Nadhani ndiyo sababu alipenda visu vya mpini wa mfupa. Hakuwahi kusema hivyo mwenyewe, na mimi sikumuuliza. Alikuwa mume wa shangazi yangu Velda, na mtu mpole nyumbani, lakini Jumamosi asubuhi, nyuma ya duka la chakula cha mifugo, alikuwa mtu mwingine. Huko ndiko walikokutana wakusanyaji wa visu vya kukunja. Waliketi kwenye viti vya chuma kuzunguka jiko la kuni, kila mmoja na kikombe chake cha kahawa, na visu vikazunguka kutoka mkono hadi mkono. Mimi nilikuwa nikimpeleka kwa gari baada ya macho yake kuanza kufifia, nikikaa pembeni na kitabu changu juu ya gunia la mahindi, na mara nyingi nilisoma ukurasa mmoja tu asubuhi nzima.

Mtu asiyekaa nao angedhani wanabishana kuhusu makali. Makali hawakuyataja. Walibishana kuhusu mpini.

Hobert Qualls, aliyeendesha basi la shule mpaka akastaafu, aliamini pembe ya kulungu peke yake. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya kuwanyamazisha watoto wa viti vya nyuma, na sauti hiyo hakuiacha kwenye basi.

"Kulungu kaivaa mwenyewe kichwani," alikuwa akisema. "Hakuna aliyempaka rangi. Mfupa wako, Ocie, unajua ulichongwa vijishimo hivyo kwa nini? Ili maskini asiyeweza kununua pembe ajidanganye kashika pembe. Umekimbia uongo kiwandani, ukaenda kuutia mfukoni."

"Mfupa haudanganyi mtu," Ocie anajibu. "Mfupa unachakaa. Hebu shika hapa. Unaona vijishimo vimelainika? Hicho ni kidole gumba cha mtu, kila siku, maisha yake yote. Pembe yako wewe unaisugua mafuta ionekane imetoka porini jana."

"Siisugui mafuta!"

"Hobert, tumekunusa tangu uko mlangoni."

Wenzao walicheka, kisu kikaendelea kuzunguka. Kulikuwa na waliopenda gamba la chaza kwa jinsi linavyobadilika rangi kwenye mwanga, na hao waliambiwa wanakusanya vipuli vya wanawake. Kulikuwa na mabishano ya kung'arisha. Wengine walisema bapa la zamani likipigwa brashi mpaka limeng'aa linapendeza, na Ocie akasema kulipiga brashi ni kumchuna ngozi mzee ili umwone kijana ndani yake. Mengi hayakufikia mwisho, wala hawakutaka yafike.

Mambo mawili tu hayakuwa na ubishi. La kwanza lilihusu seluloidi, ile plastiki ya kale iliyotengenezwa kwa pamba na kafuri, ambayo viwanda viliipenda kwa sababu iliweza kuigiza chochote: gamba, pembe, jiwe, hata pipi. Seluloidi ina tabia mbaya. Inaweza kukaa miaka mingi ikiwa nzima, halafu siku moja, bila kumwambia mtu, inaanza kuoza. Inatoa jasho na mvuke mkali, na mvuke huo unakula chuma chochote kilichofungiwa pamoja nayo. Kwa hiyo kila mkusanyaji anajua: kisu cha seluloidi kinakaa peke yake, kwenye hewa, mbali na vingine.

La pili lilikuwa kubadilisha mpini. Kisu kikishavunjika mpini kinaweza kuwekewa mwingine, hakuna dhambi, mradi useme. Asiyesema ameuza jina lake. Aliyekazania jambo hili kuliko wote alikuwa Ocie. Alishawahi kumwumbua mtu wa wilaya ya jirani aliyeleta kisu chenye mpini mpya wa mfupa uliolowekwa kwenye chai ukaonekana wa kale. Ocie aligeuza kisu mara mbili, akakirudisha, akasema mbele ya watu wote, "Bwana, huyu ni mtu aliyevaa sura ya marehemu." Yule bwana alikunywa kahawa yake mpaka mwisho kwa heshima, akaenda, na hakuonekana tena nyuma ya lile duka.

Sasa, Ocie huyu alikuwa na kisu kimoja cha seluloidi.

Shangazi Velda alikuwa amekinunua wiki ya harusi yao, kuwa zawadi ya bwana harusi. Mpini wake ulikuwa na mistari myekundu na myeupe iliyojizungusha kama pipi za Krismasi. Visu vingine vyote vya Ocie vilikuwa vya mfupa, vya kahawia, vya kijani, kimoja chekundu kama mvinyo, na alivipanga kwenye sanduku bapa lenye kifuniko cha kioo na kitambaa cheusi cha mahameli ndani. Kila Oktoba, chama chao kilipofanya maonyesho katika ukumbi wa kikosi cha zimamoto, Shangazi alitandika kitambaa juu ya meza ya Ocie, akafungua sanduku, na kukiweka sawa kisu chake katikati kabisa, mifupa ikakizunguka kama wazee waliomzunguka mtoto aliyevaa nguo za sarakasi.

"Shemeji," Hobert alimwambia kila mwaka, "hicho kisu kinalambwa au kinakata?"

"Wewe Hobert ulambe pembe yako, chumvi haiko mbali," Shangazi akamjibu. Alikuwa amepika katika jiko la shule miaka mingi, na Hobert alikuwa amekula kwake miaka hiyo yote, kwa hiyo alirudi mezani kwake akicheka.

Sanduku hilo halikuwahi kushinda utepe wa bluu, ile tuzo ya sanduku bora. Waamuzi walikuwa wakisimama, wanasifu mifupa, wanatazama pale katikati, wanakohoa, wanapita. Ocie hakulalamika. Ila baada ya maonyesho, alipaswa kukitoa kile kisu na kukitenga. Alilijua hilo kuliko yeyote. Lakini Shangazi alizoea kufuta vumbi kwenye kioo kila Jumatatu, na kama angekuta pengo angeuliza, na Ocie angelazimika kueleza kwamba zawadi yake ni kitu ambacho watu wenye akili wanakiogopa. Akakiacha. Mwaka ukapita, ukafuata mwingine, kisu kikiwa kimefungiwa na vingine chini ya kioo kisichopitisha hewa.

Ni kosa ambalo mwanachama mpya wa mwezi mmoja asingelifanya.

Aligundua mwezi Septemba. Nilikuwepo, kwa sababu alinihitaji nimsomee maandishi madogo ya kiwandani kwenye shina la bapa moja. Alipoinua kifuniko, harufu kali ilituingia machoni kabla ya puani, kama siki iliyochanganywa na kitu cha hospitali. Mistari ya pipi ilikuwa imepasuka upande mmoja, na ndani ya nyufa kulikuwa na unyevu wa kahawia. Shaba chini yake ilikuwa ya kijani. Vile visu vitatu vilivyokuwa karibu nacho zaidi, na kimoja kilikuwa cha baba yake, vilikuwa vimeota kutu, siyo ya juu juu, ile inayochimba.

Ocie alivitazama kwa muda. Halafu akafunga kifuniko, kisha akakifungua tena upesi, kama mtu aliyekumbuka kwamba ndani kuna kinachopumua.

"Shangazi yako yuko wapi?"

"Kanisani. Wanapanga maua."

"Basi nipeleke kwa Lonzo."

Lonzo Stanifer alikuwa fundi wa chama. Alikuwa mkimya, na katika ule ubishi wa mipini alikuwa na msimamo mmoja tu, kwamba mpini mzuri ni ule usiocheza. Alikuwa na banda nyuma ya nyumba yake, na dirisha lake halikufungwa hata wakati wa theluji kwa sababu ya vumbi la mifupa. Alikipokea kisu kwa koleo, akakiweka juu ya kipande cha bati.

"Hiki kimekwisha, ndugu yangu."

"Naona."

"Vile vingine tutavisafisha, vitabaki na makovu. Hiki mpini ni wa kutupa. Chuma chake lakini bado kina uhai. Nikuwekee mfupa? Nina wa kahawia, wa zamani, hujawahi kuona mzuri kama huu."

Ocie alikaa kwenye kigoda. Aliuangalia ule mfupa wa kahawia Lonzo alioutoa kwenye droo, na ulikuwa mzuri kweli. Akautazama kwa namna ambayo nilidhani atasema ndiyo.

"Velda atauliza," akasema.

"Si umwambie?"

"Nimwambie nini? Kwamba zawadi yake imeoza, na imekula kisu cha baba yangu, na kwamba nilijua itafanya hivyo tangu siku ya kwanza? Atauliza kama nilijua mbona nilinyamaza. Hapo nitasema nini?"

Lonzo aliwaza. Kisha akafungua droo nyingine na kutoa kipande cha plastiki ya kisasa, ile isiyooza wala kunuka, chenye mistari myekundu na myeupe. Alikuwa amekiagiza kwa ajili ya mteja wa Georgia aliyekufa kabla hakijafika. Mistari ilikuwa myembamba kidogo kuliko ya zamani, weupe wake umezidi. Lakini mtu mwenye chumba cha rangi kichwani mwake angeweza kurekebisha weupe.

"Hakuna atakayejua," Lonzo akasema, halafu akaongeza polepole, "ila mimi na wewe na binti huyu."

Walinitazama wote wawili. Nilisema sijaona kitu. Nilikuwa mwoga wa kusema lolote mbele ya wanaume wale, na lile lilikuwa rahisi kusema.

Ocie aliirekebisha rangi yeye mwenyewe, palepale bandani, kwa rangi za mbao zilizobaki kutoka kiwandani. Alichanganya kidogo kidogo kwenye kifuniko cha chupa, akapaka, akafuta, akapaka tena, mpaka weupe ule ukawa na umanjano wa miaka arobaini. Akausugua upande wa kidole gumba kwa msasa laini na mafuta, uonekane umeshikwa. Mikono yake ilifanya kazi hiyo kama iliyokuwa likizo ikarudi. Alipomaliza, Lonzo alikigeuza kisu mwangani na kusema, kwa sifa ya kweli, "Ungekuwa mwizi, Ocie, tungekuwa tumekwisha sote."

Ocie hakucheka. Alimwomba Lonzo avichome vile vipande vya zamani, tukaondoka.

Wiki zilizofuata hakusema mengi. Jumamosi, nyuma ya duka, Hobert alimchokoza kuhusu mfupa kama kawaida, naye alimjibu kwa maneno mafupi hadi Hobert akamwuliza kama anaumwa. Nyumbani Shangazi alifuta vumbi kwenye kioo kila Jumatatu. Jumatatu ya kwanza Ocie alisimama mlangoni akimwangalia. Shangazi alifuta, akainama kidogo, akasema, "Huyu katikati amependeza mwaka huu. Umemfanya nini?"

"Nimemfuta futa," Ocie akasema.

"Ndiyo maana," Shangazi akasema, akaenda kuweka maharage jikoni.

Siku ya maonyesho ukumbi wa zimamoto ulijaa. Magari mekundu yalikuwa yametolewa nje, na ndani kulikuwa na meza ndefu, harufu ya soseji na mikate ya asubuhi yenye mchuzi mweupe, na wanaume waliovaa kofia wakiinamia vioo. Waamuzi walikuwa wawili, wametoka Kentucky ili wasiwe na ndugu mezani. Mmoja alikuwa mrefu, mwenye kikohozi na kisanduku cha tumbaku ya kunusa, na ndiye aliyekuwa akisema. Mwenzake aliandika.

Walifika meza ya Ocie baada ya chakula cha mchana. Shangazi alikuwa amesimama upande mmoja, amevaa sketi yake ya kanisani. Ocie alikuwa upande wa pili. Mimi nilikuwa nyuma, nikikata pai ya tufaha kwa ajili ya wageni. Hobert alikuwa meza ya jirani, na kama kawaida sikio lake lilikuwa kwetu.

Mwamuzi mrefu alisifu mifupa. Aliuliza kuhusu vile vitatu vyenye makovu, na Ocie akamjibu kwamba ni kutu, vimesafishwa, hakuficha. Mwamuzi akakubali kwa kichwa. Kisha akainamia katikati, na safari hii hakukohoa.

"Nimeona vya namna hii vingi," akasema, "vyote vimepasuka. Hiki kimekaa kama jana. Tangu lini unacho?"

"Tangu tuoane," Shangazi akasema kabla Ocie hajafumbua kinywa. "Mimi ndiye nilimpa. Na nimeambiwa ujinga wote wa dunia kwa ajili yake, na huyu mwenye pembe hapo."

"Mama, kwa kweli umewashinda," mwamuzi akasema. Alikichukua, akakifungua, akakifunga, akakipitishia kidole gumba. Aliinua mkono kwenye pua, lakini pua yake ilikuwa imejaa tumbaku, akaushusha. "Sanduku zima la mfupa, halafu hiki kizima katikati. Sijaona mpangilio kama huu mwaka huu." Akamgeukia mwenzake, na mwenzake akaanza kuufungua ule utepe wa bluu kutoka kwenye bahasha.

Shangazi alikuwa amekishika kifua kwa mkono wazi. Sijawahi kumwona na uso ule, hata harusini kwa bintiye.

"Ngoja," Ocie akasema.

Walingoja.

"Huo mpini si wa zamani. Ni mpya. Umewekwa mwezi uliopita. Nimeupaka rangi mimi."

Hobert aliacha kutafuna. Mwamuzi alikitazama kisu, akamtazama Ocie, kisha akakirudisha mahali pake kwa uangalifu zaidi kuliko alivyokitoa. "Asante kwa kusema, bwana," akasema. Yule wa pili akarudisha utepe kwenye bahasha. Wakahamia meza nyingine.

Shangazi hakumwangalia mtu. Alikichukua kisu, akausugua mpini kwa kidole gumba, haraka na kwa nguvu, kama anavyofanya mtu anayetaka kuupasha moto, akaupeleka puani. Seluloidi halisi ikisuguliwa hivyo inatoa kafuri. Alikuwa ameyasikia mazungumzo ya wanaume wale maisha yake yote ya ndoa akiwamiminia kahawa, na hakuna kipimo chao asichokijua.

"Hakuna kitu," akasema.

"Velda..."

"Nani mwingine anajua?"

Ocie alinyoosha ncha ya kitambaa cha meza. Mimi niliiangalia ile pai.

"Lonzo anajua," Shangazi akasema. "Lazima, nani mwingine angekiweka. Na huyu," bila kunigeukia, "ndiye aliyekupeleka. Haya. Kwa hiyo ni mimi peke yangu. Nimesimama hapa kama mwehu namwambia mgeni wa Kentucky nilikununulia mimi."

"Ulikinunua wewe. Chuma ni kilekile."

"Usinipe habari za chuma, Ocie Lambdin."

Alitembea mpaka meza ya Lonzo, na sisi wote tukamwona Lonzo akisimama na kuvua kofia.

"Vipande vya zamani viko wapi?"

"Nilivichoma, shemeji. Aliniomba."

"Vyote?"

"Vyote. Vinawaka kama baruti, vile. Moto mweupe, puu, basi. Nilishtuka mwenyewe."

Shangazi alikifumbata kile kisu. "Ningependa kuuona huo moto," akasema. Halafu akakitia kisu ndani ya mkoba wake, akaenda kukaa ndani ya gari, na alikaa humo mpaka maonyesho yalipofungwa.

Ocie alikunja kitambaa peke yake. Hobert alimwendea. Nilidhani atamchokoza, na nadhani hata yeye alidhani hivyo, maana alianza kutabasamu, kisha akafuta mdomo kwa mkono.

"Ungenyamaza ungepata utepe," akasema hatimaye.

"Najua."

"Na shemeji angefurahi."

"Najua, Hobert."

"Basi sijui ni lipi la kijinga zaidi, kukipaka au kusema."

"Kukipaka," Ocie akasema. "Nilijua ni kukipaka hata nilipokuwa nakipaka. Niseme nini? Kilikuwa kinatoka vizuri."

Nyumbani hawakusemeshana siku ile wala iliyofuata, zaidi ya mambo ya chumvi na redio. Nilikwenda Jumatatu mchana kuwarudishia bakuli la pai, nikawakuta barazani. Kisu kilikuwa juu ya meza ndogo kati yao. Shangazi alikuwa amekaa mikono imefungwa. Ocie alikuwa na patasi ndogo na nyundo ya Lonzo.

"Kaa," Shangazi akaniambia. "Ulikuwepo kikiwekwa, uwepo kikitolewa."

Ocie aling'oa vipande vile viwili vya plastiki. Vilitoka kwa shida, Lonzo alikuwa amefanya kazi nzuri. Chini yake kulibaki shaba tupu, bado na madoa ya kijani. Alivisukuma vipande kando, akakaa ameshika kisu kilicho uchi, akikigeuza.

"Ule mfupa wa kahawia bado anao," akasema. "Wa zamani. Ni mzuri, Velda. Au nimwambie atafute..." Akaishia hapo. Nilimwona akikunja paji la uso, kama mtu anayesoma neno kwa mara ya kwanza. "Wewe ungependa upi?"

Gari lilipita barabarani, wakalipungia mkono wote wawili bila kuangalia.

"Miaka yote hii," Shangazi akasema, "mifupa, pembe, chaza, mafuta, msasa. Nimemimina kahawa ya kutosha kuogeshea farasi, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza hilo."

"Basi nakuuliza."

"Mti."

"Mti?"

"Mbao. Ule mtufaha uliokatika kwa barafu, bado una magogo nyuma ya banda. Kata humo. Na usiupake kitu. Si rangi, si vanishi, si chai. Nitaupaka mafuta ya nguruwe ya jikoni mimi mwenyewe, basi."

"Mti si..." Ocie alianza. Kwa wakusanyaji, mbao ni mpini wa kisu cha kibarua. Hakuna anayeuweka chini ya kioo. Aliangalia uso wa mkewe, akalimeza lile neno lililobaki. "Utakuwa mweupe mwanzoni," akasema. "Hautakuwa na sura."

"Wewe umepaka sura mbao za watu maisha yako yote. Huu uuache ulivyo."

Ilimchukua muda. Mtufaha ni mgumu, na macho yake hayakuwa tena ya kazi ndogo. Alikataa kumpelekea Lonzo. Vipande vya kwanza vilipasuka alipotoboa tundu za pini. Vilivyofuata kimoja kilikuwa kinene kuliko mwenzake, akakikubali hivyo. Shangazi alikipaka kisu mafuta, akakifuta kwa kitambaa cha vyombo, akakitia kwenye droo ya vijiko pamoja na kifungua makopo. Lile pengo katikati ya sanduku Ocie hakulijaza. Alisogeza mahameli kidogo tu ili alama isionekane sana, kisha akabadili nia, akairudisha kama ilivyokuwa.

Jumamosi iliyofuata nilimpeleka dukani. Mvua ilikuwa inanyesha, na jiko lilikuwa limewashwa. Lonzo alikuwepo, lakini hakumwangalia mtu usoni. Ocie alipokea kahawa yake, akakaa, na kabla kisu chochote hakijaanza kuzunguka akawaeleza yote, tangu kioo alichokifunga mpaka rangi aliyoichanganya kwenye kifuniko cha chupa. Hakujitetea, wala hakurefusha. Alipomaliza wakasikiliza mvua juu ya bati, kila mmoja, nadhani, akimkumbuka yule bwana wa wilaya ya jirani.

"Yule wa chai," Ocie akasema, "kama kuna anayejua anakokaa sasa, ningependa kumwona."

Mmoja akasema anadhani alihamia kwa mwanawe, Knoxville au karibu na hapo. Ataulizia.

Hobert alijisogeza kwenye kiti, chuma kikalia.

"Haya, na huyo mtoto wa sarakasi sasa amevaa nini?"

"Mtufaha."

"Mti?"

"Mti. Bila rangi."

Hobert aliwatazama wenzake mmoja mmoja, akiomba msaada. "Ocie, rafiki yangu, nakupenda, lakini huo ni mpini wa kisu cha jikoni."

"Ndiyo," Ocie akasema. "Kipo jikoni."